Lugha za Njiani: Kutoka Boga Hadi Fort Portal

Mwezi wa saba wa mwaka 2023 mjomba wangu alinipigia simu kutoka Boga. Hakuuliza habari za mitihani. Alisema tu: "Kaaka haone tena muzuri. Wewe njo unajua Kingereza, utamupeleka Uganda."

Kaaka ni bibi yangu, mama ya mama. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mwaka wa pili katika idara ya Kiingereza hapa Bunia. Niliweza kueleza kisa cha Macbeth kwa kurasa nne, lakini sikuwahi kuzungumza Kiingereza na mtu yeyote nje ya darasa. Mjomba hakujua hilo. Kwake yeye, mtu anayesoma lugha ni mtu anayeweza kusafiri, kama vile mtu anayesoma udereva anavyoweza kuendesha gari. Sikumsahihisha. Niliona haya, na kusema kweli nilifurahi pia, maana sikuwahi kuvuka mpaka.

Nilinunua daftari nikaligawa safu tatu: Kitooro, Kiganda, Kiingereza. Kisha nikatafuta kwenye simu zile orodha za sentensi za msafiri. Wenzangu mnazijua. Hoteli iko wapi? Chumba ni bei gani? Naomba kahawa bila sukari. Nilizinakili zote kwa uangalifu. Nilipofika ukurasa wa sita ndipo nilipogundua kwamba msafiri wa orodha hizo ana pesa, ana afya, na yuko peke yake. Hana bibi. Haulizwi anatoka wapi na kwa nini. Niliendelea kunakili hata hivyo, kwa sababu sikujua ningeandika nini badala yake.

Kihema nilikuwa nacho kidogo, na lazima niseme nilikipata vipi. Nimezaliwa Bunia na nimekulia Kiswahili cha Bunia, kile cha "iko" na "fasi". Nyumbani wazazi walisema Kihema wao kwa wao, nasi watoto tukajibu kwa Kiswahili. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021 Boga na Tchabi zikashambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa. Kaaka aliwahi kukimbia, akafika kwetu Bunia akiwa na kitenge kimoja na sufuria. Alikaa nasi karibu mwaka mzima, tukilala chumba kimoja. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua tu; usiku alipotaka kuzungumza alizungumza Kihema, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kwa hiyo Kihema changu ni cha gizani. Najua maneno ya usingizi, ya mvua, ya ng'ombe waliopotea na ya watu waliokufa. Maneno ya ofisini na ya hospitalini sikuyajua. Alirudi Boga mara tu aliposikia kwamba jirani amerudi, maana alisema mtu hawezi kuzeeka katika nyumba ya kupanga.

Wasomaji ambao si wa kusini mwa Ituri wajue jambo moja. Wahema wa Djugu husema Kilendu, lugha ya majirani zao. Wahema wa kusini, wa Boga na kandokando yake, husema lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kinyoro na Kitooro cha Uganda. Boga iko juu ya mteremko. Ukisimama mahali pazuri asubuhi unaona bonde la Semliki chini, na ng'ambo ya pili milima ya nchi nyingine. Mto huo ni mpaka wa dola mbili, lakini maneno ya kuita ng'ombe ni yale yale pande zote.

Tuliteremka kwa pikipiki mbili. Kabla ya mto kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi wetu, na lugha ya kizuizini kwetu ni Lingala. Lingala yangu ni ya muziki. Nilimsalimu kiongozi wao, "Mbote, papa komanda," nikasema tunakwenda hospitalini: "Tozokende na lopitalo." Alikuwa mtu mpole. Akaniuliza, "Boyaki lobi?" Mimi nikasikia "lobi" nikakumbuka nyimbo zote za wapenzi wanaoahidiana kesho, nikajibu upesi: "Te, poso ekoya." Wote wakacheka. Alikuwa ameuliza kama tulifika jana. Mimi nikamwambia hapana, juma lijalo. Katika Lingala neno lobi ni jana na ni kesho pia, na ni kitenzi kinachokuambia ni ipi. Kile kiambishi -aki kilikuwa pale mbele yangu, nami nilikuwa nimekisoma katika somo la lugha za kitaifa na kukipatia alama nzuri. Darasani nilikuwa na muda wa kukitafuta. Pale sikuwa nao.

Tulivuka kwa mtumbwi. Upande wa Uganda askari kijana alitusalimu kwa Kiswahili: "Jambo mama, munatoka wapi?" Nilishangaa, kisha nikakumbuka kwamba jeshi la Uganda limetumia Kiswahili tangu siku za wakoloni, na kwamba tangu mwaka 2005 katiba ya nchi hiyo inakitaja kama lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Nikajiambia, basi, safari ni rahisi. Lugha yangu ya mama inatosha.

Haikutosha hata kwa saa moja. Pale Rwebisengo, tulipokuwa tukingoja gari la kwenda Karugutu, niliona mama anauza maziwa. Nilimsogelea nikauliza bei kwa Kiswahili, kwa adabu yote niliyonayo. Akanitazama, akataja bei kwa neno moja, akageuza uso. Nilidhani ana shida zake. Baadaye nilielewa. Kwa watu wengi wa umri wake nchini Uganda, Kiswahili ni sauti ya askari. Ni lugha waliyoisikia kizuizini na mlangoni usiku, hasa katika miaka ya Idi Amin. Mimi nilidhani nimemletea lugha ya undugu wa Afrika Mashariki.

Kaaka alikuwa amekaa kwenye mfuko wetu wa nguo, macho yake yakitazama mahali ambapo hakuna kitu. Alisikia sauti ya yule mama. Akamwita, akamsalimu kwa Kihema, kisha akauliza swali ambalo halimo katika orodha yoyote ya wasafiri: "Empaako yaawe?"

Yule mama akajibu, "Atwooki." Kaaka akasema, "Nami Abwooli." Wakashikana mikono na hawakuachana mpaka gari lilipokuja.

Mpaako ni jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu kwetu hupewa mbali na jina lake. Ni machache, kama kumi na mawili tu: Abwooli, Adyeri, Akiiki, Amooti, Ateenyi, Atwooki na wenzao. Wanahistoria wengi huyahusisha na Wabiito, watawala wenye asili ya Kiluo. Kwa kuwa ni machache, mgeni kabisa anaweza kuwa na jina la dada yako, na ukimtaja kwalo umekwisha kumheshimu kabla ya kujua kitu kingine juu yake. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mila hii, kama inavyofuatwa magharibi mwa Uganda, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mimi pia ninalo langu, Akiiki, lakini Bunia hakuna anayelitumia isipokuwa Kaaka. Nilikuwa nimelichukulia kama jina la utani la utotoni. Siku ile lilitulipia maziwa, na pia nafasi ya mbele ndani ya gari.

Njiani kuelekea Fort Portal nilimfikiria mtu mwingine aliyepita bonde hilo kwa miguu, akielekea upande wa pili. Boga kila mtoto anamjua Apolo Kivebulaya. Alikuwa Muganda, alibatizwa mwaka 1895, na mwaka 1896 akavuka Semliki kutoka Toro akaja kufundisha Boga. Habari zake husimuliwa kanisani kama habari za imani, na ni haki yake. Lakini mimi mwanafunzi wa lugha naona pia habari nyingine ndani yake. Huyu alikuwa mtu wa Kiganda aliyekuja kuishi kati ya watu wasiosema Kiganda. Lugha hizo ni jirani kiasi cha kukudanganya. Maji kwa Mganda ni amazzi, kwetu ni amaizi. Macho kwake ni amaaso, kwetu ni amaiso. Mtu anaweza kudhani anaelewa, na akakosea palepale anapojiamini zaidi. Apolo alipigwa, akafukuzwa, na mwaka 1898 alirudishwa Toro akiwa amefungwa minyororo, kwa kusingiziwa makosa katika kifo cha dada ya mtemi Tabaro. Baadaye akarudi. Miaka mingi baadaye, Boga ikiwa imebaki upande wa Wabelgiji, aliingia msituni kwa Wambuti, akajifunza kwao, na akaitafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Alifia Boga mwaka 1933 na kaburi lake liko huko.

Wenzangu wengi wa kitivo wanajifunza Kiingereza ili waende Kampala, Nairobi au Kanada. Sisemi vibaya; mimi ni mmoja wao. Ila Apolo hakujifunza lugha ili apite. Alijifunza ili akae na watu wa mahali pale, na watu hao walikuwa na uwezo wa kumwambia amekosea. Nilikuwa nikiwaza hayo kwa raha ndani ya gari, kama mtu anayeandaa insha. Sikujua kwamba kesho yake mimi mwenyewe nitakosea, na kwamba mtu niliyemkosea hatakuwa na njia ya kujua.

Fort Portal, hospitalini, daktari wa macho hakuwa mtu wa Toro. Alisema Kiganda na Kiingereza. Muuguzi anayesema Kitooro alikuwa chumba kingine, na foleni ilikuwa ndefu. Daktari akaniuliza kama ninaweza kutafsiri. Nikasema ndiyo.

Alimpima Kaaka kwa muda mrefu. Kisha akanieleza taratibu, akitamka vizuri, nadhani kwa kunionea huruma. Jicho la kulia lina "cataract". Neno hilo nililijua kutoka somo la jiografia, nikaona mbele yangu maporomoko ya maji. Ikabidi nimwombe arudie, naye akachora jicho kwenye karatasi akaonyesha utando ndani yake. Mtoto wa jicho. Linaweza kupasuliwa kesho yake. Jicho la kushoto lina ugonjwa mwingine, presha ya jicho, ambao umeua mshipa wa kuonea. Kuhusu jicho hilo alitumia neno moja ambalo nililijua vizuri kabisa, kwa sababu lilikuwa katika orodha yetu ya viambishi awali vya ukanushi: "irreversible".

Kaaka aligeuza uso upande wangu. "Amesema nini, Akiiki?"

Nilimweleza habari za jicho la kulia kwa furaha na kwa maneno mengi. Kisha nikafika kwenye la kushoto. Sikuwa na neno la Kihema la kitu kisichoweza kurudi. Ningeweza kusema "limekufa". Neno hilo nilikuwa nalo, ni miongoni mwa yale maneno ya usiku. Lakini nilimtazama, nikakumbuka kitenge kimoja na sufuria, nikamwambia: "La kushoto litangoja."

Akauliza, "Litangoja mpaka lini?"

Nikasema, "Mpaka hili lipone."

Daktari akauliza kama ameelewa na kama anakubali. Nikajibu kwa Kiingereza safi kwamba ameelewa na amekubali. Naamini ilikuwa sentensi yangu bora ya Kiingereza tangu nianze masomo. Haikuwa na kosa hata moja la sarufi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, Kaaka alinitazama kwa muda, akasema, "Umekonda." Nililia, naye akadhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia. Tulirudi kwa njia ile ile. Rwebisengo akamtafuta Atwooki mwenyewe, akamwona uso kwa mara ya kwanza, wakacheka sana kwa jambo ambalo sikulipata. Mtoni alihesabu mitumbwi kwa sauti. Mimi nikarudi Bunia na kuanza mwaka wa tatu. Rafiki zangu waliniuliza habari za safari, nikawasimulia kisa cha lobi, wakacheka. Habari ya jicho la kushoto sikumsimulia mtu.

Mwezi wa kumi na moja mjomba akapiga simu tena. Kaaka ametenga ng'ombe wa kuuza. "Anasema jicho la kulia limepona, sasa njo zamu ya la kushoto. Munuzi iko, anakuja siku ya posho."

Siku ya posho ni Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Kaaka alikuwa na ng'ombe watatu tu waliosalia baada ya 2021, na huyo mmoja alikuwa na mimba.

Nilimwomba mjomba ampe simu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa, kelele za wanafunzi zikinizunguka, na nilianza kwa Kiswahili kwa sababu niliogopa. Akanikatiza. "Sema Kihema, Akiiki. Siku ile ulisema Kihema."

Nikamwambia kwamba daktari hakusema litangoja. Kukawa kimya. Kisha akasema: "Alisema nini? Sema kama alivyosema."

Nikasema. Sikuwa na neno zuri hata wakati huo. Nilisema jicho limekufa, kwamba hakuna dawa na hakuna kisu, hapa wala Kampala, na kwamba alisema hivyo siku ile ile, mbele yake, naye akiwa amekaa pale ananiuliza mimi. Nilisema pia kwamba daktari alimuuliza kama amekubali, nami nikajibu badala yake.

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu nikamsikia akimwambia mjomba kwamba ng'ombe asiuzwe. Kwangu akasema, "Webale, Akiiki." Asante. Na baada ya kitambo: "Wewe uliona nimechoka. Lakini macho yalikuwa yangu."

Nimelifikiria neno hilo kwa zaidi ya mwaka. Nilipoanza kuandika insha hii nilitaka iwe juu ya faida za lugha kwa msafiri, na faida hizo ni za kweli. Lingala ilitupitisha kizuizini, hata ikiwa imevunjika. Kiswahili kilitufikisha kwa askari, na kikatufungia mlango kwa muuza maziwa. Kihema, lugha ambayo nilidhani ni ya nyumbani tu na haina kazi barabarani, ndiyo iliyotufungulia mlango kila mahali ng'ambo ya mto. Kiingereza kilitufikisha kwa daktari. Ukihesabu hivyo, kila lugha ilifanya kazi yake. Aliyekosea ni mimi niliyekuwa katikati.

Na nilikosea kwa sababu mbili ambazo si za aina moja. Ya kwanza ni upungufu: sikuwa na maneno ya kutosha. Hiyo inatibika. Ningeweza kumwomba daktari amngoje yule muuguzi wa Kitooro, au ningeweza kusema kwa unyenyekevu kwamba sijui neno. Ya pili ni kwamba nilikuwa na neno na sikutaka kulitoa. Nikajificha nyuma ya upungufu wangu. Mtu asiyejua lugha yoyote asingeweza kumdanganya Kaaka siku ile. Ni mimi tu niliyeweza, kwa sababu nilijua mbili.

Katika kitivo chetu tunafundishwa tafsiri ya maandishi. Tunapewa aya ya Kifaransa, tunairudisha kwa Kiingereza, mwalimu anaweka wino mwekundu. Aya haiulizi "mpaka lini?" Lakini wengi wetu tutakapotoka hapa, kazi ya kwanza tutakayopewa na jamaa zetu ni kama ile niliyopewa na mjomba: kwenda na mgonjwa hospitalini, na mama mkwe ofisini, na mkimbizi kwenye meza ya kuandikishwa. Napendekeza tuwe na mazoezi ya ukalimani wa mdomo hata kwa saa chache, kwa lugha zinazosemwa kweli katika Ituri na ng'ambo ya mipaka yake, na tujadili humo sio maneno tu bali pia nani ana haki ya kusikia nini. Walimu wetu wanajua mambo haya kuliko mimi. Naomba tu wasituache tuyajifunzie kwa bibi zetu.

Lile daftari la safu tatu bado ninalo. Kurasa za hoteli na kahawa nimezikunja. Nimeongeza safu ya nne, ya Kihema, na ninaijaza kwa simu kila Jumapili jioni. Kaaka ananipa maneno na kunifanya niyarudie: mshipa, utando, presha, kupona, kutopona. Kwa lile la mwisho ana namna tatu za kulisema, kufuatana na unayemwambia.

Likizo ijayo daktari anataka kulipima tena jicho la kulia, maana presha inaweza kulishika nalo pia. Kaaka amekubali tuende wote, kwa sharti moja. Daktari akimaliza kusema, nimwambie yeye yote kwanza, na nisijibu chochote mpaka yeye mwenyewe ajibu.